Kupima Kiazi cha Kaki, Kalinzi

Kilichonipeleka Kigoma ni kiazi. Nalisema mapema kwa sababu mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, kila aliyesikia naenda huko aliniuliza kama nimepata kazi ya wakimbizi. Magari meupe yenye bendera yalikuwa yakielekea upande ule kila wiki, na mtu mwenye elimu kidogo akiaga kwamba anakwenda Kigoma, majirani walijua amepata ulaji. Mimi nilikuwa mtumishi wa kituo cha utafiti wa mazao huku kwetu Mbeya, idara ya viazi mviringo, na ulaji wangu ulikuwa viazi vyenyewe.

Nyie wa hapa nyumbani mnajua viazi, kwa hiyo sitawachosha. Mnapenda chekundu, mnapenda na kile cheupe kinachong'aa kikioshwa. Nilichokwenda kukipima hakikuwa chekundu wala cheupe. Ni kirefu, ganda lake ni la rangi ya kaki, gumu, lenye mikwaruzo midogo midogo, ukikigusa ni kama umegusa gunia. Ndani ni cheupe na cha unga. Kinafaa kwa chipsi, kinafaa kuchomwa, na ganda lile hukiwezesha kusafiri mbali bila kuchubuka. Tulikiita Namba Tisa, maana aina mpya haipewi jina mpaka ipitishwe. Nilikuwa nimekilea tangu kikiwa kimbegu cha ndani ya tunda, msimu baada ya msimu, nikiwatupa ndugu zake na kukibakiza chenyewe. Sina haja ya kujifanya: nilikipenda.

Wachuuzi wa soko la Mwanjelwa hawakukipenda. Walisema kina ukurutu. Mkuu wangu wa kazi naye alikuwa amekichoka. Kilipandwa kwenye majaribio sehemu nne, na tatu zilileta matokeo ya katikati, si mabaya wala si ya kupigia vigelegele. Sehemu ya nne ilikuwa Kalinzi, kwenye vilima vilivyo juu ya Ziwa Tanganyika.

"Kikizidiwa uzito na chekundu huko Kigoma, nakifuta," aliniambia Mkuu. "Ghala letu dogo, haliwezi kutunza mbegu za kubembelezwa."

Nikaomba niende kuvuna mwenyewe.

Kutoka Mbeya mpaka Dodoma nilipanda basi, na sina la kusimulia isipokuwa vumbi. Dodoma nikaingia kwenye treni, daraja la pili, behewa la wanawake, na mizani yangu nimeipakata kwa sababu sikumwamini mtu kuishika. Wenzangu ndani ya chumba walidhani nakwenda kununua dagaa. Nilipowaambia nakwenda kupima viazi, mmoja akasema, "Kumbe serikali ina nafasi hivyo!" Wakacheka mpaka Manyoni, na mimi nikacheka nao, kwani ningefanya nini.

Tabora tulikaa muda mrefu wakikata mabehewa ya Mwanza. Nikanunua asali kwenye chupa ya soda. Baada ya hapo ni miombo, miombo tena, na vituo ambavyo watu wake hutoka wote kuja kutazama treni. Mahali fulani tukasimamishwa kupisha treni ya mizigo iliyojaa magunia ya mahindi ya wakimbizi. Mahindi yakatangulia, sisi watu tukafuata.

Uvinza nilinunua chumvi, mfuko mzima. Hapo wenzangu walijua kabisa kwamba nimechanganyikiwa, maana anayekwenda Kigoma hununua chumvi ya Uvinza wakati wa kurudi. Lakini chumvi ile ilikuwa ya kazi. Ukiikoroga kwenye maji mpaka yai bichi lielee, kisha ukatumbukiza viazi, chenye maji mengi ndani kitaelea na cha unga kitazama. Chipsi nzuri hutokana na kile kinachozama.

Kigoma tuliingia asubuhi, ziwa likaonekana upande wa kushoto, jeupe kwa mwanga. Stesheni nilipokelewa na Bwana Rashidi, bwana shamba aliyekuwa akiangalia jaribio letu. Ni mtu wa Ujiji, mwembamba, mcheshi, asiyeweza kunyamaza hata akitafuna.

"Dada Atupele, shamba lako limesimama kama askari," alisema akiitupa mizani yangu nyuma ya pikapu. Roho iliniruka. "Niliwaambia kule: ole wake atakayeng'oa mche hata mmoja kabla mtaalamu hajaja. Na haujang'olewa hata mmoja. Kaihesabu mwenyewe."

Kesho yake tukapanda Kalinzi. Chini, baada ya Mwandiga, ni michikichi, na wanawake wanakamua mawese kando ya barabara. Kadiri gari linavyopanda ndivyo michikichi inavyopungua, ikaja migomba, ikaja kahawa, na hewa ikawa ya kwetu kabisa. Nilivaa sweta langu kwa furaha. Njia ya mwisho tuliipanda kwa miguu, mizani nikiwa nimejitwika mwenyewe.

Shamba lilikuwa la Mama Nestori. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alizaliwa Burundi, upande wa Bururi, akavuka akiwa msichana katika kundi la wakimbizi wa zamani, akaolewa na Muha wa hapo hapo Kalinzi, wakawa wanalima kahawa na maharage. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akaniletea maji ya kunawa na sahani ya viazi vilivyochemshwa pamoja na maharage. Vilikuwa vimemenywa, sikujali ni vya aina gani. Vilikuwa vya unga na vitamu, nikala nikaongezwa.

"Ibiraya vyako vimependeza, mama mtaalamu," alisema, akiviita viazi kwa Kirundi chake. "Utafurahi."

Na kweli, kwa macho nilifurahi. Matuta yalikuwa safi, vibao vimesimama mahali pake, majani yameanza kukauka inavyotakiwa. Kila aina ilikuwa na vipande vitatu vilivyotawanywa shambani, ili asitokee mtu wa kusema hii imependelewa udongo mzuri. Tukaanza kuchimba. Chekundu cha kwanza kikatoka vizuri. Cheupe kikatoka vizuri. Nilikuwa naandika huku naimba.

Tukafika kwenye kipande cha kwanza cha Namba Tisa. Bwana Rashidi akapiga jembe, akafukua, akainua mche. Chini yake vilining'inia vidogo, vya ukubwa wa yai la kanga. Akainua wa pili, vidogo. Wa tatu, vidogo, na kimoja tu cha wastani kilichojificha pembeni. Nikamnyang'anya jembe. Kipande kizima kilikuwa hivyo hivyo, cha pili vilevile, na cha tatu nilikichimba mpaka tuta la mwisho.

"Fuko," alisema Bwana Rashidi.

"Fuko gani huyo anayechagua vikubwa na kufunika udongo?" Nilikwisha kuona vikonyo. Kwenye kila shina vilikuwapo vikonyo vilivyokatika siku nyingi, vimeshapona. "Hapa ameingia mwizi."

Mama Nestori alikuwa amesimama na kikapu mkononi, anatushangaa. Hakuwa na hofu hata kidogo.

"Oya, si mwizi," alisema, akikana kwa Kirundi. "Hivyo nilivichokonoa mimi."

Inabidi niwaeleze. Kwetu viazi huchimbwa mara moja, lori likisubiri barabarani. Kalinzi sivyo. Kwao shamba ndilo ghala. Mwanamke akitaka mboga ya jioni anapiga magoti kwenye tuta, anaingiza vidole, anapapasa, anakichagua kilichokua, anakikata kwenye kikonyo chake na kuushindilia udongo kwa kiganja. Mche haujui kama umeguswa. Unaendelea kulea vilivyobaki. Mke anayeng'oa mche mbichi mzima kwa ajili ya chungu kimoja husemwa kijiji kizima kwamba hajui kutunza nyumba. Basi agizo la Bwana Rashidi, kwamba asing'oe hata mche mmoja, Mama Nestori aliliona la kawaida sana, kama kuambiwa asichome nyumba. Na alilitii.

Mimi wakati huo sikuwa na subira ya kuelewa. Nilifoka. Nikamwambia ameniharibia kazi ya miaka, kwamba kiazi kile kilikuwa kinasubiri uzito wa shamba hili tu, kwamba kikikosa uzito kinafutwa na mbegu yake inatupwa. Nilisema mengi, mdomo wangu hauna breki.

"Na kwa nini hiki tu?" nikamwuliza. "Vyekundu viko hapo, vyeupe viko hapo. Kwa nini umekula changu?"

"Sikukila mimi, mama," alisema. "Ni mama yangu."

Akakaa chini kwenye tuta, akaeleza. Mama yake alibaki Burundi miaka yote ile, akakataa kuvuka. Vita vilipozidi, majirani walimbeba, naye akawekwa kambini upande wa Kasulu. Ni kizee asiye na meno. Kambini anapewa mahindi ya punje na maharage magumu, na akipikiwa uji anausukuma. Anataka ibiraya, hataki kingine. Mama Nestori alimpelekea vyekundu, vikafika vimechubuka na vingine vimeoza, kwa sababu mume wake husafirisha kwa baiskeli, anateremka mpaka Kidahwe na kuishika barabara ya Kasulu. Akajaribu vya kaki. Vilifika vizima. Na kizee alipovionja alisema ndivyo, hivi ni vya nyumbani.

"Vile vyekundu vikichemka vinalowa maji," alisema. "Hivi vinapasuka, vinakuwa unga. Anavila bila kutafuna. Ego, ndiyo, nilivichokonoa vyote vilivyokua. Nilijua vidogo vitakua kabla hujaja. Mvua ndiyo ilikata."

Hasira yangu ilikosa pa kukaa, ila haikuondoka, na nilibaki nimesimama na jembe lao mkononi. Mtu anakula kiazi chako kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote, na kwa kukila anakiua. Sikuwahi kusomeshwa jambo hilo.

Tulipima vyote. Namba Tisa kikawa cha mwisho, chini hata ya cheupe ambacho mimi mwenyewe siku zote nakiita takataka. Bwana Rashidi akanivuta pembeni.

"Dada, maji yamemwagika. Lakini tukadirie. Tumwulize alijaza vikapu vingapi, tuongeze pale."

"Nikikadiria hapa," nilimwambia, "nitakadiria na kwingine, na nitarudi nyumbani na hadithi badala ya vipimo."

Nikaandika uzito niliouona kwenye mizani, na roho inaniuma.

Jioni nilikoroga chumvi yangu ya Uvinza uani kwa Mama Nestori, watu wa jirani wamekuja kutazama uchawi wa Mbeya. Vyekundu vikaelea. Vyeupe vikaelea kwa raha zao. Vile vichache vya wastani vya Namba Tisa, nilivyovipata pembeni mwa matuta, vikazama mpaka chini vikatulia. Majirani wakapiga makofi. Niliwashukuru, maana sikutaka kulia mbele yao.

Siku ya kuondoka kulikuwa na suala la vile vidogo. Utaratibu wetu ni kwamba viazi vya jaribio ambavyo havijapitishwa haviachwi kwa mkulima. Vinabebwa vyote au vinateketezwa. Nilimweleza Mama Nestori. Hakubisha. Aliniuliza tu kama vina ugonjwa. Nikamwambia havina, nimekagua mashina na kukata vya kutosha, hakuna dalili ya mnyauko.

"Basi vingefaa mbegu," alisema, akaingia ndani kunifungia maharage ya zawadi.

Tuliteremsha magunia mpaka garini. Moja, la vile vidogo vya kaki, lilisahaulika uani nyuma ya jiko. Mtu husahau, na Bwana Rashidi siku hiyo alikuwa na shughuli nyingi sana za kutazama upande mwingine.

Tulimpa Mama Nestori lifti, naye akakaa nyuma na kikapu cha mama yake. Badala ya kunyoosha mjini tukazungukia Kidahwe, tukamshusha barabarani apate gari la Kasulu. Malori ya chakula yalikuwa yakipita moja baada ya jingine. Alisimama pembeni, kikapu kichwani, akanishika mkono.

"Usinikasirikie," alisema.

"Nimekwisha kukasirika," nikamjibu. "Imetosha. Msalimie mama."

Kutoka hapo tukateremka Ujiji, kwa sababu kipimo cha kukaanga kilikuwa bado. Bwana Rashidi alinipeleka kwa shangazi yake, Bi Tausi, mwenye meko ya chipsi karibu na soko. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla sijakaa alikwisha kukiona kiazi changu.

"Mwanangu, hiki mbona kina ukurutu? Utawatia watu upele."

"Kimenye kwanza, Bi Tausi."

Akakimenya. Akakikata virefu, akatazama weupe wake, akasema mh. Kisha akamimina mawese kwenye karai. Nikaruka. Ni kwamba chipsi hupimwa kwa rangi, na kwenye mawese kila kitu hutoka chekundu, kizuri na kibaya sawasawa. Nikamwomba tutumie mafuta meupe, nimekuja nayo.

"Mafuta ya wagonjwa hayo," alisema. "Haya, kazi ni yako."

Tulikaanga chekundu kwanza. Kikatoka na madoa ya kahawia, laini, kinanyong'onyea mkononi. Tukakaanga Namba Tisa. Kikatoka na rangi ya dhahabu moja kwa moja, kikavu, kinakatika kwa mlio. Bi Tausi akala kimoja, akala cha pili, akachukua cha tatu. Wateja wawili waliokuja kununua samaki, migebuka ya kukaanga, wakaomba waonjeshwe, na sampuli yangu ikaishia hapo hapo.

"Mzigo unaingia lini?" Bi Tausi aliuliza. "Usimpe mtu mwingine. Niletee mimi."

Ndipo nikaumia hasa. Shambani niliumia kwa hasira, lakini Ujiji, mbele ya lile karai, niliumia kwa sababu sasa nilikuwa na uhakika kwamba nilikuwa sahihi.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda posta mjini Kigoma kumpigia Mkuu simu, kwa maana alitaka uzito mara tu utakapopatikana, apange msimu. Nikamtajia wa vyekundu, nikamtajia wa vyeupe.

"Na Namba Tisa?"

Nikamtajia. Nikawahi kusema, "Lakini Mkuu, kimeliwa."

"Kimeliwa na panya?"

"Na mtu. Vikubwa vilichokonolewa kabla sijafika. Kwenye chumvi kimezama, kwenye mafuta hakuna mfano wake. Tukirudie msimu mmoja tu."

Laini ilikwaruza. "Atupele, nina aina nyingi zinazosubiri nafasi, na kila anayelea aina ana hadithi yake. Kwenye uzito niandike nini? Kimeliwa?"

"Andika hivyo hivyo," nilisema. Akakata, au laini ilikatika. Sikuuliza.

Treni ya kurudi niliipanda na maharage ya Mama Nestori, mawese ya Bi Tausi na dagaa wa mwaloni Kibirizi ambao Bwana Rashidi alisema huwezi kutoka Kigoma bila wao. Behewa zima lilijua nina dagaa. Nililala sana njiani. Sikuwa na la kufanya jingine.

Mbeya nilikuta ghala limefagiliwa. Rafu ya Namba Tisa ilikuwa tupu, tayari imewekewa aina nyingine, na mbegu yenyewe ilikwisha kupelekwa jikoni kwa wafanyakazi. Mpishi aliniambia viazi vile vilipendwa sana. Nilitoka nje, nikakaa nyuma ya ghala nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi kazini.

Mkinihoji nilijifunza nini, nitasema kwamba ukienda kupima zao mahali, usianze na mizani. Anza na chungu. Uliza wanavunaje, lini, kwa mkono wa nani na kwa ajili ya kinywa cha nani. Sasa ninafundisha vijana hivyo, na kila jaribio langu lina matuta ya pembeni ya mwenye shamba, achokonoe atakavyo. Ni jambo dogo, lakini kabla ya Kalinzi hatukuwa nalo.

Kuna lililobaki. Msimu uliofuata, mvua zikiwa zimekolea, Bwana Rashidi alipiga simu ofisini kwetu. Alinipa salamu zote za Ujiji, kisha akasema ametoka Kalinzi, na Mama Nestori amepanda lile gunia lililosahaulika. Matuta mazuri, majani yamefunga.

"Na safari hii mwenyewe kakaza uzi," alisema akicheka. "Kawakataza watu wote nyumbani kutia kidole kwenye tuta mpaka uje na mizani yako. Hata bibi kule kambini kaambiwa avumilie. Anataka ukakute vikubwa, kiazi chako kipate uzito."

Nilitazama mlangoni. Hakuna mtu aliyekuwa akinituma Kigoma. Kiazi kilikuwa kimefutwa, na kwenye orodha ya majaribio ya msimu ule Kalinzi haikuwapo.

"Bibi anakula nini sasa?" nikauliza.

"Yale yale mahindi yao."

"Rashidi," nikasema, "panda tena Kalinzi. Nenda leo. Mwambie achokonoe."

"Na mizani?"

"Mwambie mizani haiji. Ampelekee mama yake."